Mdau ni Mwenye Dau

Neno "mdau" lilishuka pwani pamoja na semina. Kabla yake mvuvi alikuwa mvuvi, nahodha alikuwa nahodha, na mwenye chombo alijulikana kwa chombo chake. Baada yake wote wakawa wadau, na pamoja nao wakawa wadau mfadhili, mkurugenzi, mshauri mwelekezi, na hata mwenye hoteli walimolala hao wote. Aliyelibuni neno hili alikuwa fundi, kwani ndani yake mna dau, yaani ile fedha aiwekayo mchezaji mkekani akijua kuwa akishindwa haitarudi. Mdau, kwa maana hiyo, ni mtu aliyeweka kitu. Na bahati ya lugha ikataka jina hilohilo liwe pia jina la chombo cha baharini, kile ambacho methali yasema kikiwa cha mnyonge hakiendi joshi. Basi kila tathmini ya mradi wa uvuvi ingefaa ipimwe kwanza kwa swali hili: katika orodha ndefu ya wadau walio mwishoni mwa ripoti, ni nani aliyeweka dau, kwa maana zote mbili, na ni nani aliyekuja kutazama mchezo?

Katika maisha ya mradi wa kusimamia uvuvi endelevu wa pwani hakuna waraka wenye nguvu kama ule uitwao tathmini huru ya muhula wa kati. Mradi una miaka mitano au sita. Nusu ya fedha imekwisha kuliwa, nusu imebaki. Mtathmini huja kwa wiki mbili tatu, akasoma majalada, akazungukia vijiji vichache, akaandika. Kwa maandishi yake sehemu moja ya mradi hukatwa na nyingine ikaongezewa fedha. Eneo la maji lililofungwa hupanuliwa. Zana fulani hupigwa marufuku. Kamati huvunjwa na nyingine ikaundwa. Tathmini ya mwisho ni hotuba ya mazikoni, imsifu marehemu au imlaumu, yeye hasikii. Hii ya kati humkuta mgonjwa angali hai na dawa ingali mezani. Ndiyo ambayo mvuvi angalipaswa kuisoma kuliko zote, nayo ndiyo asiyoiona kabisa.

Huitwa huru. Neno huru katika Kiswahili ni zito. Lina kumbukumbu ya minyororo ndani yake, na visiwani hasa halisemwi ovyo. Mtathmini huyu ni huru kwa nani? Hadidu za rejea anazopewa huandikwa mara nyingi na ofisi ya mradi unaotathminiwa, zikapitishwa na mfadhili aliyeubuni. Orodha ya vijiji vya kutembelewa hutoka ofisi hiyohiyo. Gari ni la mradi. Anayemwongoza ufukweni ni afisa ambaye kesho yake atarudi palepale kukagua leseni na nyavu, hivyo mvuvi huulizwa mbele ya mwenye leseni kama leseni hutolewa kwa haki. Rasimu ikikamilika hupelekwa kwanza kwa ofisi ya mradi, ili, kama isemwavyo, makosa ya ukweli yasahihishwe. Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Hakuna haja ya kumdhania mtathmini uwongo. Wengi wao ni watu waadilifu na wenye elimu, na msomaji aliyezoea kusoma ripoti zao anaweza kuona pale walipouma meno. "Kuna nafasi ya kuboresha" maana yake limeharibika. "Kasi ya utekelezaji imeathiriwa na mazingira" maana yake fedha zilikaa benki mwaka mzima. Na "changamoto", neno hili ambalo limelifukuza "tatizo" katika Kiswahili cha ofisini, limekuwa kama sukari juu ya kila kidonge. Siku hizi hata chombo kikizama kimepata changamoto.

Vipimo vyenyewe vilitoka mbali. Mwaka 1991 nchi fadhili, kupitia kamati yao iliyoko Paris chini ya shirika la OECD, zilikubaliana juu ya vigezo vitano vya kutathmini misaada, na mwaka 2019 wakaongeza cha sita. Kwa Kiingereza vinapendeza. Kwa Kiswahili vinagongana kama ngalawa zilizofungwa pamoja siku ya upepo. Kigezo kinachouliza kama lengo limefikiwa hutafsiriwa "ufanisi". Na kinachouliza kama fedha na muda vimetumika vizuri nacho hutafsiriwa "ufanisi", isipokuwa pale mfasiri alipoona haya akaandika "tija". Kigezo cha matokeo ya muda mrefu huitwa "athari". Mwananchi wa kawaida anajua kuwa mafuriko yana athari, na pombe ina athari. Mtu akiulizwa kwenye mkutano wa kijiji mradi umeleta athari gani, akianza kuhesabu madhara mmoja baada ya mwingine, kosa si lake. Hayo si mambo madogo ya watu wa kamusi. Swali lisiloeleweka huzaa jibu lisilo na maana, na jibu hilo huingia katika jedwali likawa asilimia.

Mfano wa pwani upo, na ni wa kufundisha. Kuanzia mwaka 1994 hadi 2007 ukanda wa Tanga ulikuwa na mpango wa hifadhi na maendeleo uliosimamiwa kwa msaada wa shirika la IUCN na fedha za Ireland. Wanavijiji walifunga baadhi ya miamba, wakashiriki katika doria, na, jambo lililo kubwa kuliko yote, wakafundishwa kuzamia na kuhesabu wenyewe samaki na matumbawe. Baruti zikapungua. Kisha, katika miaka ya 2000, baruti zikaanza kulia tena, na mpango ulipofungwa hapakuwa na wa kuzizuia. Zilihitaji nguvu ya dola, katika miaka ya 2010, ili zinyamaze. Sababu ya kurudi kwake haikuwa siri madikoni: mpigaji baruti aliyekamatwa alifikishwa mahakamani, kesi ikafa au ikaisha kwa faini ndogo, naye akarudi kuwacheka waliomkamata. Waliohesabu samaki ndio waliohesabu pia milipuko. Lakini hesabu yao ilikwenda juu, kwa wataalamu, na haikushuka tena kama hukumu ambayo hakimu, polisi na halmashauri wangewajibika kuijibu.

Mradi mkubwa uliofuata, ule wa usimamizi wa mazingira ya bahari na pwani uliojulikana kwa kifupi MACEMP, ulianza mwaka 2005 kwa mkopo wa Benki ya Dunia na ruzuku ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ukashika Bara na Zanzibar pamoja. Ulisaidia mambo ya maana: hifadhi mpya za bahari, mamlaka ya uvuvi wa bahari kuu, na kupitia TASAF mfuko wa vijiji vya pwani uliotoa fedha za mwani, mabwawa ya samaki, ufugaji wa nyuki. Fedha hizo kwa sehemu kubwa zilikuwa mkopo. Na mkopo hulipwa na nani? Hulipwa na nchi, yaani pia na mchuuzi wa ngisi wa Kizimkazi na mkaushaji dagaa wa ziwani ambaye hajapata kuusikia mradi huo. Hapo hoja ya kwamba ripoti ni mali ya mfadhili hukosa hata mguu mmoja wa kusimamia.

Sasa ipelekwe hoja hii mbali na bahari, hadi Manda. Wasomaji wa visiwani watafikiri kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu. Manda inayokusudiwa hapa iko wilaya ya Ludewa, mkoa wa Njombe, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, pale Mto Ruhuhu unapoingia ziwani. Wajerumani walipaita Wiedhafen na wakapafanya bandari. Wenyeji ni Wamanda, wana lugha yao, na kwa upande wa kaskazini hupakana na Wakisi, wafinyanzi ambao vyungu vyao huuzwa kando ya ziwa lote la upande huu. Ni pwani kamili: ina mchanga, ina mawimbi, ina watu wanaosubiri vyombo alfajiri. Wao husema mwalo, kisiwani husemwa diko. Mvuvi wa huko na mvuvi wa Unguja hawajuani kwa sura, lakini wameandikwa kwa sentensi zilezile.

Tena undugu wao ni wa zamani kuliko miradi. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba mmoja ambao kwa huo Zanzibar ikawekwa chini ya ulinzi wa Mwingereza, kisiwa kidogo cha Heligoland kikapewa Mjerumani, na mpaka wa Ziwa Nyasa ukachorwa. Karatasi ileile. Hakuna mvuvi aliyeulizwa Mjini Unguja, hakuna mvuvi aliyeulizwa Manda. Mpaka leo Malawi husoma mkataba huo kuwa mpaka hupita ufukweni, na ziwa lote la kaskazini ni lake. Tanzania husema mpaka hupita katikati ya maji. Kwa kisomo cha kwanza, mtu wa Manda akiingia majini mpaka magotini amekwishavuka nchi. Hivyo ndivyo waraka uandikwao mbali, kwa lugha isiyo ya mwenye maji, unavyoweza kukaa juu ya maisha ya watu zaidi ya miaka 130. Mwenye kudhani kuwa ripoti ni karatasi tu na autazame mkataba huo.

Samaki wa kufikiria hapa ni mbasa. Ni samaki wa fedha, mwenye umbo la kasi, apatikanaye katika ziwa hili na mito yake, na ng'ambo ya Malawi huitwa mpasa. Hukaa ziwani, lakini kutaga hupanda mito, akitafuta maji yaendayo mbio na changarawe safi. Ruhuhu ndio mto unaoliingizia ziwa maji mengi kuliko mingine, na mvua zinapoanza mlango wake huwa njia kuu ya mbasa. Mwenye kutaka kumwona mbasa yuko katika hali gani lazima awe mlangoni mwa mto wakati wa masika. Hapo ataona yote: samaki wanaopanda, nyavu zilizotandazwa kukinga njia yao, ugomvi wa wanaotaka kinga hizo ziondolewe na wanaosema watoto wao hawali hifadhi, na rangi ya maji, ambayo yenyewe ni ripoti.

Mtathmini huja lini? Barabara ya kutoka Itoni, karibu na Njombe, kupita Ludewa hadi Manda ina zaidi ya kilomita 200. Kipande cha Lusitu hadi Mawengi kimejengwa kwa zege, na watu wa Ludewa wanajua thamani yake, kwa maana wamezijua siku za tope. Milima ya Livingstone huanguka ziwani kwa ghafla, na vipo vijiji vya ufuko huo, kaskazini ya Manda, ambavyo njia yao ya kweli ni maji. Robert Chambers aliandika mwaka 1983 kwamba mgeni wa maendeleo huiona shamba wakati wa kiangazi na kutokea kando ya barabara. Miongo minne imepita na kalenda za miradi bado zinamtii. Mtathmini huja barabara ikiwa kavu. Ni majira ya upepo wa kusini-mashariki, ule ambao Wamalawi huuita mwera, ambao huweza kuwaweka wavuvi ufukweni siku kadhaa. Atakuta mitumbwi mchangani na wanaume wanashona nyavu, wana nafasi ya kuhudhuria mkutano, atasifu mahudhurio. Mbasa hatamwona. Ataandika idadi ya vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vile ambavyo kila mtu huviita BMU, vilivyosajiliwa, vyenye katiba, vyenye mwenyekiti na mweka hazina, na vyenye wanawake wangapi. Hayo yote huonekana hata wakati wa kiangazi.

Na asipande mtoni, kwa kuwa mto haumo katika hadidu zake za rejea. Ruhuhu hutoka katika nyanda zinazolimwa hadi kwenye kingo, na bonde lake ndilo lenye makaa ya mawe ambayo taifa limeyatumainia kwa miaka mingi: Mchuchuma upande wa Ludewa, na Ngaka upande wa Ruvuma, ambako makaa yamekuwa yakichimbwa tangu mwaka 2011. Ikiwa siku moja changarawe ya mbasa itafunikwa na udongo, itafunikwa kutokea huko juu, na hakuna kikundi cha mwaloni chenye katiba nzuri kitakachoweza kuufagia mto. Katika bangokitita la mradi mambo ya namna hii yana chumba chake. Ni safu ya mwisho kuliani, iitwayo dhana: inadhaniwa kuwa shughuli za sekta nyingine hazitaathiri rasilimali. Safu hiyo husomwa kwa haraka na haipewi alama. Jambo linaloweza kumuua samaki limeandikwa kama jambo la kudhania, na jambo la kumsajili mvuvi limeandikwa kama matokeo.

Ulimwengu wa wasomi haukulisahau ziwa hili. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 palikuwa na mradi wa hifadhi ya viumbe wa Ziwa Nyasa, wa nchi tatu za Malawi, Msumbiji na Tanzania, chini ya mwavuli wa SADC na fedha za Mfuko wa Mazingira wa Dunia pamoja na wafadhili wengine, makao yake yakiwa Senga Bay, Malawi. Maarifa mengi juu ya samaki wa ziwa hilo, ambao aina zake huhesabiwa kwa mamia na wengi hawapatikani popote pengine duniani, yaliongezeka kwa kazi hiyo. Ni kazi ya heshima. Lakini yaliandikwa kwa lugha gani? Mtoto wa mvuvi wa Manda akitaka leo kujua yaliyogunduliwa kuhusu samaki alioliwa na baba yake kwa nusu karne, sharti kwanza ajifunze Kiingereza cha chuo kikuu. SADC yenyewe iliamua mwaka 2019 kuwa Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha zake rasmi. Uamuzi huo ulipigiwa makofi, na viongozi wakapiga picha.

Yaliyo machungu zaidi ni yale yanayohesabiwa kuwa mafanikio. Mwaka 2018 serikali iliendesha operesheni dhidi ya uvuvi haramu, Sangara katika Ziwa Victoria na Jodari baharini. Nyavu zilichomwa moto, faini zikatozwa, na malalamiko yakafika hadi bungeni. Mtu asidhani kuwa nyavu hizo zote zilikuwa za watu wema walioonewa. Kokoro hukomba mazalia, na vyandarua huchukua hata kile ambacho kingekuwa samaki mwakani. Wavuvi wenyewe ndio wa kwanza kusema hivyo, na mara nyingi ndio wanaotoa taarifa. Hoja ni nyingine. Wavu mmoja uliochomwa ni dau, tena huenda ni deni la mtu aliyekopa. Katika safu ya viashiria huwa ni tarakimu inayopanda: idadi ya zana haramu zilizoteketezwa. Hakuna safu inayouliza aliyechomewa alikula nini mwezi uliofuata, nani alimuuzia wavu ule dukani kwa risiti, na kama alirudi majini na wavu mbaya zaidi. Mradi unaopata alama kwa moto utatafuta moto.

Vivyo hivyo kwa wanawake wa mwaloni. Wao ndio wanaonunua dagaa, wale ambao ziwani humo huitwa pia usipa, wakawaanika, wakageuza mvua ikija, wakapandisha magunia milimani. Chombo kikirudi kitupu, hasara ya kwanza ni ya mwenye chombo na ya pili ni yao. Ripoti huwaandika katika aya moja pamoja na vijana na wenye ulemavu, chini ya kichwa cha makundi maalumu. Katika biashara ya dagaa, aliye maalumu ni yule asiyegusa dagaa.

Wako watakaosema kwamba mwenye dau hawezi kuwa mwamuzi wa mchezo, na wana haki. Mvuvi ana maslahi, na wapo wenye vyombo vikubwa ambao wangefurahi kuitumia sauti ya mwalo kuwanyamazisha wenye mitumbwi. Lakini hakuna anayeombewa kiti cha uamuzi hapa. Kinachodaiwa ni haki ndogo ambayo hata mshitakiwa wa wizi wa kuku hupewa: kusomewa yaliyoandikwa juu yake kwa lugha anayoifahamu, na kujibu kabla ya hukumu. Ofisi ya mradi hupewa rasimu ikasahihisha makosa ya ukweli. Kwa nini ukweli uwe wa ofisi peke yake?

Wengine watasema Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii ina mvi. Mwalimu Nyerere, akiwa na nchi nzima mabegani, aliitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare ikachapishwa mwaka 1963, na Merchant of Venice ikatoka mwaka 1969. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Lugha iliyoweza kubeba hotuba za Roma na inayobeba hukumu za jinai itashindwaje kueleza kwamba samaki wamepungua na fedha zimekwenda wapi? Ukweli ni kwamba maandishi mengi ya tathmini yakitafsiriwa kwa uaminifu hupungua. Aya tatu hubaki sentensi moja, na mara nyingine sentensi hiyo hupotea kabisa, kwa sababu mfasiri amefungua ganda akakuta hamna chaza. Huenda hofu iko hapo. Si kwamba mvuvi hataielewa ripoti. Ni kwamba ataielewa upesi mno.

Gharama? Mradi wenye uwezo wa kuchapa fulana, kofia na vipeperushi una uwezo wa kumlipa mfasiri wa kurasa thelathini. Hoja ya pekee yenye uzito ni ile ya usalama. Ripoti inaweza kuwa na maneno ya mtu aliyemtaja jirani yake, na ufuko ni mdogo, watu wanajuana hadi kwa nyayo. Hilo ni kweli, na dawa yake ni kuficha majina, jambo ambalo wataalamu hulifanya kila siku kwa ajili ya wakubwa wao.

Basi iwe hivi. Mfadhili yeyote anayetaka tathmini yake iitwe huru, aweke katika hadidu za rejea sharti mbili za nyongeza. Ya kwanza, mtathmini afike mara mbili, na mara moja iwe masika, awe mlangoni mwa mto pamoja na tope. Ya pili, rasimu iandikwe kwa Kiswahili, na isomwe kwa sauti kwenye miwalo na madiko yale yale yaliyotajwa ndani yake, kabla fedha za nusu ya pili hazijagawanywa, na majibu ya wasikilizaji yafungwe ndani ya ripoti kwa maneno yao, si kwa muhtasari wa katibu. Kwa Manda wakati wa kusoma unajulikana. Uvuvi wa dagaa ni wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaitiki taani, na mitumbwi hulala mchangani. Usiku kama huo mwanga unatosha, watu wapo, na upepo ukiwa umetulia sauti ya msomaji mmoja hufika hadi waliko wanawake wanaokunja vichanja. Mtathmini akae kati yao, asome ukurasa wa kwanza, na atakayesema "hapo si kweli" aachwe amalize.